Mrejesho: Utabibu wa wanamichezo, naanzia fiziotherapia

Ndugu zangu, mapema mwaka huu niliuliza kama mhitimu wa kidato cha sita hapa Dar es Salaam anaweza kwenda Marekani kusomea shahada ya kwanza ya utabibu wa wanamichezo (athletic training, yaani kuzuia na kuhudumia majeraha ya michezo). Nimebaini kwamba mlango huo umefungwa: tangu mwaka 2022 programu za shahada ya kwanza hazipokei wanafunzi wapya, na anayeanza sasa hulazimika kusoma shahada ya uzamili iliyoidhinishwa na CAATE, chombo cha Marekani kinachokagua programu za fani hii, ndipo afanye mtihani wa BOC, bodi inayotoa vyeti kwa watabibu hao. Kwa hiyo nimeomba kusomea fiziotherapia (tiba ya viungo) katika chuo cha tiba cha KCMC, Moshi. Uzamili utafuata, ada ikipatikana.

Wakati nasubiri majibu, najitolea katika timu ya mtaani Kinondoni. Jumamosi nilimfunga beki wetu plasta kifundoni bila kumfuta jasho, ikabanduka kabla ya mapumziko. Kocha alinisema, na nilistahili, kisha akanionyesha: ngozi ikaushwe, wayo usimame pembe mraba na mguu, halafu plasta ivutwe kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa kuwa kifundo huteguka zaidi kikipindukia ndani.