Naomba ushauri: vipindi vya zamani kwenye TV pana, nivute picha au niache weusi pembeni?

Habari zenu wakuu. Nimetoka kwenye TV ya 4:3 (upana 4 kwa kimo 3) ya inchi 26, sasa ninayo pana ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9), inchi 32. Kumbe kimo cha picha ni kilekile, inchi 15 na ushee. Kilichoongezeka ni upana tu! Mpira unapendeza mno. Shida ni vipindi vya zamani vilivyorekodiwa kwa 4:3, havijazi kioo, weusi unabaki pembeni: nikivuta picha ijaze kioo, nyuso zinanenepa, nikiikuza, vichwa na maandishi ya chini vinakatwa. Mimi nataka ibaki ilivyorekodiwa, weusi ukae pembeni. Mama hataki kabisa, anaona kioo kinapotea bure, na macho yake yamechoka. Nyie mnatumia mpangilio gani? Na je, TV inaweza kubadilika yenyewe kulingana na kipindi?