Tupeane uzoefu: makato ya yunioni Kanada, na wewe kura yako iko kwa Wakonsavativu

Mmorogoro wa Windsor
Wadau za jioni. Jana nilikuwa napekua bahasha za kodi za miaka ya nyuma nikakutana na T4 yangu ya kwanza kabisa, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, 2012, kiwanda cha vipuri vya magari. Boksi namba 44, makato ya yunioni, yaani chama cha wafanyakazi. Nikakaa kitandani naitazama weee. Mwaka ule nilidhani ni bima. Kumuuliza supavaiza akanambia hiyo ni lazima, ujiunge usijiunge unalipa.

Na hapa Windsor ndipo ilipozaliwa hiyo lazima. 1945 wafanyakazi wa Ford waligoma siku 99, wakaziba barabara kwa magari, mwaka uliofuata jaji Ivan Rand akaamua hakuna wa kulazimishwa kuwa mwanachama ila kila anayefaidi mkataba achangie. Hilo mimi nalikubali kwa moyo mweupe. Ukila ugali wa jungu la wote changia unga. Kinachoniuma ni unga wangu kupelekwa kwenye kampeni za watu nisiowachagua.

Siku yangu mbaya ni Aprili 2025, wiki ya uchaguzi. Kantini zinagawiwa karatasi za kutuonya tusiwape kura Wakonsavativu, chama cha wahafidhina. Mimi nyumbani nina kibao chao cha bluu kimesimama kwenye majani. Stiwadi wetu, mwakilishi wa yunioni pale kazini, mtu ninayemheshimu kabisa, akasema mbele ya meza nzima, "Wewe na rangi yako hiyo ya ngozi unawapigia hao?" Nikanyamaza. Wali ukanikaa kooni. Usiku matokeo yanatoka Windsor West, kiti ambacho NDP, chama kilicho karibu na yunioni, walikishika tangu 2002, kimeenda kwa Wakonsavativu. Maana yake kwenye ile ile kantini tulikuwa wengi na kila mmoja kajikunyata peke yake.

Nani mwingine yamemkuta? Semeni bila woga.

Mama Neema
Umenigusa. Mimi kibao nilikiweka dirisha la nyuma, la mbele niliogopa.

Bukavu Mpaka Brooks
Jambo wote. Miye niko Alberta, kiwanda cha nyama, miaka saba sasa. Napigia Wakonsavativu kila mara, sababu ya kanisa langu na vile ninataka kulea watoto, sifichi. Lakini kwa yunioni siwezi kusema mubaya. Mukono wangu wa kuume ulikuwa unavimba usiku mpaka siwezi kufunga kifungo cha mutoto shati. Naomba kazi nyepesi, bosi anasema leta karatasi, naleta, anasema hii karatasi si hii. Stiwadi, mama wa Kifilipino mufupi hivi, akaniingiza ofisini akakaa kwenye kiti akasema sisi hatutoki. Saa mbili na nusu tulikaa. Nikatoka na kazi ya kupanga masanduku. Na wazee Wasudani wa hapa wanatuambia 2005 waligoma wiki tatu kwa baridi, polisi, fujo, ili tu kupata mukataba wa kwanza. Ule mukataba njo miye nakula leo. Basi kura yangu ni ya imani, makato yangu ni ya mukono.

Fundi Mabomba
Dada wa Bukavu, heshima yako. Ila mleta mada hajakataa yunioni, kakataa siasa ndani ya yunioni. Vitu viwili.

Shangazi wa Hamilton
Kwanza turekebishane. Yunioni haziruhusiwi kuchangia vyama vya siasa kitaifa tangu 2007, na Ontario tangu 2017, kampuni nazo vilevile. Kwa hiyo hizo hadithi za "hela yangu inaenda NDP" punguzeni.

Mmorogoro wa Windsor
Shangazi shikamoo. Kuchangia chama hawaruhusiwi, sawa, matangazo je? Ontario hapa ule muungano wa Working Families umeanza kupiga matangazo dhidi ya Wakonsavativu tangu 2003 na hela inatoka kwenye yunioni. Serikali ya Doug Ford, Mkonsavativu wa hapa Ontario, ikawawekea kikomo cha matumizi mwaka mzima kabla ya uchaguzi, wakaenda mahakamani, Machi 2025 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi. Na kabla ya hapo kuna yule mwalimu wa chuo, Lavigne, aliyeshtaki kwamba makato yake yanatumika kwa siasa asizoziamini, 1991 akashindwa. Sheria iko upande wao, hilo najua. Mimi nasema dhamiri yangu haipo upande huo.

Shangazi wa Hamilton
Marahaba mwanangu. Lakini ukiwafunga yunioni mdomo, nani atajibu matajiri wakiongea?

Dereva wa Usiku
Nimesoma huu uzi tangu asubuhi nafunga nafungua. Ngoja niseme maana sijawahi kusema popote.

Mimi nilivuka mstari wa wagomaji.

Ilikuwa Februari, ghala moja hapa Ontario, mgomo uko wiki ya tano. Posho ya mgomo dola 300 kwa wiki na kodi ya nyumba 1,850, na mama yangu Tanga anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, kila mara dada anapiga simu saa nane usiku ya huku anasema kaka leo wamesema bila hela hawamuunganishi. Niliuza tivii nikakopa kwa Wakongo wa kanisani nikakopa tena kulipa wale wale. Kampuni ikatuma ujumbe kwamba anayetaka kurudi kazini milango iko wazi. Siku nne nilisoma ule ujumbe. Siku ya tano nikawasha gari saa kumi na moja alfajiri, baridi digrii 20 chini ya sifuri, kioo kimeganda nakwangua kwa kadi ya benki mikono inatetemeka sijui kwa baridi au kwa nini.

Pale getini wana pipa la moto na kila gari wanalisimamisha dakika kumi ndipo lipite. Wakanizunguka. Wengine hawakunitambua, nilijifunika kofia mpaka nyusi. Af akaja mzee mmoja Mreno, huyu ndiye alinifundisha kuendesha gari kwenye barafu mwaka wangu wa kwanza, kwenye maegesho ya kanisa Jumapili, na hata viatu nilivyovaa siku ile vya theluji alinipa yeye akisema mwanaye vimembana. Akafuta theluji ya kioo kwa mkono wa koti. Akaniona. Hakunitukana jamani, laiti angenitukana. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, akageuka akawaambia wenzake mwacheni apite.

Mgomo uliisha wiki mbili baadaye wakapata nyongeza, na mimi nikaipata nyongeza ile ile. Kabati langu likapakwa rangi nyekundu SKABU, yaani msaliti wa mgomo. Mwaka na nusu hakuna aliyekaa meza yangu. Mama alifariki Agosti. Miezi sita ile alikuwa hai kwa zile hela na sitakaa niombe msamaha kwa hilo. Tangu siku hiyo anayesema mtu asifungiwe njia ya kwenda kazini kwake ndiye anapata kura yangu.

Mama Neema
Jamani. Mungu amrehemu mama.

Mpemba Toronto
Innalillahi. Nimelisoma mara tatu hili. Pole sana ndugu yangu.

Kijana wa Reli
Pole ya mama kaka, kwa dhati. Lakini lazima tuseme ukweli, wale wa kwenye pipa nao wana mama. Kila anayevuka anarefusha mgomo wa wengine. Nyongeza uliyopata waliilipia wao kwa baridi.

Fundi Mabomba
Wewe Kijana wa Reli hujawahi kupigiwa simu saa nane usiku. Nyamaza.

Kijana wa Reli
Nimepigiwa, nimemzika baba kwa WhatsApp. Usinifunze uchungu.

Fundi Mabomba
Basi usimhukumu mwenzio.

Kijana wa Reli
Sijamhukumu, nimesema hesabu. Na hao unaowapigia kura, 2024 Poilievre, kiongozi wa Wakonsavativu, na wabunge wake walipiga kura ya ndiyo kwenye sheria ya kuzuia watu wa kuziba nafasi za wagomaji, ile ya mabenki, ndege, reli na bandari, imeanza kazi Juni 2025. Hakuna mbunge hata mmoja aliyepiga hapana. Yule yule ambaye miaka ya nyuma alikuwa anataka makato ya lazima yafutwe.

Mpemba Toronto
Hapo ndipo na mimi Wakonsavativu wananichanganya. Harper wao alipokuwa waziri mkuu alipitisha sheria 2015 kwamba yunioni zianike matumizi yote yanayozidi dola 5,000. Sheria nzuri ile, mlipaji ajue hela yake imekwenda wapi. Waliberali wakaifuta 2017. Nani wa bluu anaizungumzia leo? Wanapiga picha na helmeti viwandani basi.

Dada Msaidizi wa Darasa
Mimi niko Calgary, nasaidia watoto wenye ulemavu darasani. Niliwapigia UCP, wahafidhina wa Alberta, mara mbili. Nilifurahi Kenney, waziri mkuu wa Alberta wakati ule, alipoleta ile sheria ya 2020 kwamba hela ya yunioni ya siasa mpaka mwenyewe ukubali, nikakataa kusaini, sikulipa. Af Oktoba 2025 walimu 51,000 wamegoma, serikali ya Smith aliyemrithi ikawarudisha kwa sheria ikabandika na kile kifungu cha kuzuia mahakama isiingilie. Ikapitishwa usiku. Mwalimu ninayefanya naye kazi alirudi darasani hana sauti, ana wanafunzi 34, watano ni wangu. Nawauliza wenzangu wahafidhina, serikali ndogo isiyoingilia watu ndiyo hii? Mimi sijahama upande ila nimeumia.

Fundi Mabomba
Hata Ford alijaribu Ontario Novemba 2022, faini dola 4,000 kwa siku kwa mfanyakazi wa shule atakayegoma, yunioni zote zikaungana akaifuta mwenyewe. Na miezi mitano tu nyuma yunioni za ujenzi zilikuwa zimemuunga mkono kwenye uchaguzi. Sisi mafundi tulimpa kura na tulimkatalia pia. Inawezekana.

Shangazi wa Hamilton
Wahafidhina ndivyo walivyo, na bado mtarudi kwao.

Mpemba Toronto
Shangazi na NDP je? Bob Rae wao alipotawala Ontario alifungua mikataba ya watumishi wa umma 1993 akawapa siku za lazima bila malipo, mpaka leo watu wanaziita Siku za Rae. Chama ambacho yunioni zenyewe zilishiriki kukiunda 1961! 2025 wamebaki na viti 7 na kiongozi wao Singh kakosa hata chake. Wafanyakazi si mali ya mtu.

Mzee wa Bandari
Nisikilizeni wajukuu. Baba yangu alikuwa kuli bandarini Dar. 1964 vyama vya wafanyakazi vikavunjwa kikabaki kimoja, NUTA, na katibu wake mkuu ndiye huyo huyo waziri wa kazi. Baba alikuwa akisema, sasa nikidai mshahara namdai nani? Ndiyo maana yunioni ikikaa karibu na chama chochote, chekundu au cha bluu, mimi nasogea nyuma.

Mmorogoro wa Windsor
Mzee shikamoo, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta maneno tangu jana.

Neema Mdogo
Jamani mimi nataka msaada tu, naweza kutolewa kwenye makato?

Mpemba Toronto
Andika barua useme dini yako haikuruhusu, hela itaenda kwa shirika la hisani.

Kijana wa Reli
Usimdanganye. Hicho kifungu kipo lakini unaomba bodi ya kazi na wanataka imani ya kweli ya dini, siyo siasa. Wanakuhoji.

Mama Neema
Hamia kazi za ujenzi zenye ule umoja wa Wakristo, CLAC, hao hawana fujo.

Fundi Mabomba
Hao nao wanakata mama 😀. Mdogo wangu, lipa, af mwezi wa nne hakikisha umejaza mstari 21200 kwenye kodi maana makato yanapunguza pato. Na uhudhurie mikutano. Watu 400 kiwandani, kwenye mkutano wanakuja 19.

Bukavu Mpaka Brooks
Dereva wa Usiku, yule mzee wa viatu mulionana tena?

Dereva wa Usiku
Alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya keki yake nilisimama mlangoni na kadi mfukoni. Sikuingia.

Bukavu Mpaka Brooks
Utafute namba yake.

Mmorogoro wa Windsor
Kaka, mpigie. Mimi Jumapili saa nane kuna mkutano wa tawi letu, sijawahi kukanyaga miaka 13. Naenda na T4 yangu niulize matangazo ya uchaguzi yalitumia kiasi gani na nani aliidhinisha. Na yule stiwadi nitamwomba aniambie tena lile neno, ila safari hii nimjibu. Nitaleta majibu hapa.

Dada Msaidizi wa Darasa
Tunasubiri. Uliza kwa sauti.