Chemsha bongo ya besi ya pili: tumenyimwa pointi kwa majibu SAHIHI na mimi hili sinyamazi

Wakuu salaam. Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mtanivumilia mpangilio, nimetoka shifti ya usiku, nimejilaza nimeshindwa kulala, hili jambo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Niko St. Paul, Minnesota, mwaka wa kumi na moja huu. Besiboli sikuisomea popote, nimeijulia ghalani. Kuna mzee mmoja Mmarekani mweusi nilikuwa naye zamu moja miaka yangu ya mwanzo, alikuwa na redio ndogo ameifunga kwa waya juu ya mkanda wa mizigo, akifungulia mechi za Twins, timu ya hapa Minnesota, anataka kila mtu anyamaze. Kingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, sielewi kitu, yeye ananielekeza kwa maboksi. Boksi hili nyumbani, hili besi ya kwanza, hili ya pili, hili ya tatu, halafu anasimama katikati ya la kwanza na la pili anasema mwangalie anayekaa HAPA, ukimjua huyu umeijua timu. Sasa marehemu. Kila ninachokijua kuhusu watu wa besi ya pili kilianzia kwake, ndo maana hili swala haliniishi.

Kwa wasioujua mchezo kidogo tu. Mtu wa besi ya pili mpira ukipigwa wa chini upande wake anaudaka yeye, ukipigwa upande mwingine anakimbilia besi yake, anarushiwa mpira, anaikanyaga besi, anageuka hewani na kuupeleka besi ya kwanza, na muda wote huo kuna mkimbiaji anamjia kwa kuteleza na njumu za chuma miguuni. Auti mbili kwa pigo moja, yaani wachezaji wawili wa timu inayopiga wametolewa mara moja. Bill Mazeroski wa Pittsburgh alihusika kwenye auti mbilimbili za hivyo mara 1,706 akiwa besi ya pili, mpaka leo hajapatikana wa nafasi yake aliyemfikia. Mpira ulikuwa haukai mkononi mwake, ukiangalia video unaona kama umegonga ukuta ukarudi.

Sasa twende kwenye kilichotokea. Kuna baa moja hapa mjini, jina siliweki, kila Jumanne wana chemsha bongo. Wiki hii wakatangaza mada ni besiboli na nusu ya maswali ni watu wa besi ya pili. Nikasema hii ni yangu. Nikamkusanya jamaa yangu wa Kisii, dada mmoja wa Bujumbura anayefundisha hesabu, na mdogo wake. Meza nzima sisi ndo tulikuwa tunaongea Kiswahili, na nilishaona macho ya watu lakini nikapuuza, tumekuja kucheza.

Swali la kwanza la maana: Jackie Robinson alipocheza mechi yake ya kwanza ligi kuu, tarehe 15 Aprili 1947, alicheza nafasi gani? Tukaandika besi ya KWANZA. MC akasoma majibu, akatuchapa mkasi kwa kalamu nyekundu, anasema ni besi ya pili, kila mtu anajua Robinson ni wa besi ya pili.

Kila mtu anajua nini??? Brooklyn, timu ya Robinson, mwaka 1947 besi ya pili ilikuwa na mwenyewe, Eddie Stanky. Robinson msimu ule wote, mechi 151, alisimama besi ya kwanza, nafasi ambayo hakuwa ameizoea. Alihamia ya pili mwaka 1948 baada ya Stanky kuuzwa Boston, na 1949 ndo akawa mchezaji bora wa ligi yao akiwa na wastani wa kupiga 0.342 (yaani katika majaribio 1,000 anafaulu 342) na besi 37 za kuiba, yaani kuikimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe. Kwa hiyo ndiyo, ukubwa wake aliujenga besi ya pili, lakini mlangoni hakuingilia pale.

Na msiniambie ni kitu kidogo. Mtu wa besi ya kwanza lazima aache mguu wake umegusa besi akisubiri mpira, anayekuja mbio anaukuta mguu pale pale haukimbii. Agosti 1947 Enos Slaughter wa St. Louis alimkanyaga Robinson mguu kwa njumu akiwa katika hali hiyo. Slaughter mwenyewe alikanusha kwamba alikusudia, sawa, lakini mguu ulikanyagwa. Mtu mweusi wa kwanza kwenye ligi ile karne nzima ya 20 wamemweka sehemu anayotakiwa kusimama tuli huku watu wanamjia na vyuma. Ukisema alikuwa besi ya pili umemtoa pale, umemfutia mwaka wake mgumu kuliko yote. Nilimweleza MC haya haya, taratibu kabisa, akaniambia "next".

Likaja la mchezaji bora wa fainali za World Series 1960. Hapa najua wengi wanaingia mtegoni na siwalaumu. Tarehe 13 Oktoba 1960, mechi ya saba, uwanja wa Forbes Field pale Pittsburgh, Pirates wa Pittsburgh na Yankees wa New York wako 9 kwa 9, awamu ya mwisho, Mazeroski yule yule wa auti 1,706 akampiga Ralph Terry mpira ukaruka ukuta wa kushoto, 10 kwa 9, ubingwa umeisha, anakimbia kuzunguka besi anapunga kofia mashabiki wanamwagika uwanjani. Ukiulizwa nani bora utasema yeye. Lakini tuzo ilikwenda kwa mtu wa besi ya pili wa upande wa PILI, Bobby Richardson wa Yankees, aliyeingiza wenzake mara 12 kwenye fainali ile, na mpaka leo ndiye pekee aliyepewa tuzo hiyo timu yake ikiwa imefungwa. Yankees mechi zote saba kwa jumla walipata 55, Pirates 27, na bado Yankees wakapoteza. Sasa swali zuri namna hii, utamu wake wote uko kwenye jibu, halafu karatasi ya MC imeandikwa Mazeroski! Yaani aliyelitunga ameanguka kwenye shimo alilochimba, na tunaolipia ni sisi.

Nikasema basi, tuendelee. Swali la 1920 tukalipata, la yule Bill Wambsganss wa Cleveland, tarehe 10 Oktoba, aliyetoa watu watatu peke yake kwenye mechi ya fainali. Aliruka akadaka mpira wa Clarence Mitchell, moja, akakanyaga besi ya pili mkimbiaji Kilduff akiwa ameshaiacha, mbili, akageuka akamkuta mkimbiaji mwingine, Otto Miller, amesimama mbele yake ameduwaa akamgusa tu, tatu. Sekunde chache. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwenye World Series mpaka leo. Na Mitchell huyo huyo zamu yake iliyofuata akapiga mpira wa auti mbili, mapigo mawili auti tano. Hilo tulipewa, sawa.

Halafu likaja hili: nani ana wastani wa pili kwa ukubwa wa kupiga katika historia yote ya ligi kuu? Karatasi ya MC: Rogers Hornsby, 0.358. Sisi tukaandika Ty Cobb.

Wakuu, Hornsby simvunjii heshima. Kwa mtu wa besi ya pili mwenye gongo sijui kama kuna wa kumsogelea, 1924 alipiga 0.424, ukisikia namba hiyo lazima ukae chini. Na zamani jibu lilikuwa yeye kweli, Cobb wa kwanza, Hornsby wa pili. Lakini ligi kuu wenyewe Desemba 2020 walikubali kwamba zile ligi za Wamarekani weusi, Negro Leagues, ambako watu waliwekwa kwa sababu ya rangi, nazo zilikuwa ligi kuu. Na Mei 2024 wakaziingiza takwimu zake kwenye vitabu rasmi. Tangu siku hiyo wa kwanza ni Josh Gibson wa ligi hizo, 0.372, wa pili Cobb 0.367, wa tatu Oscar Charleston, Hornsby ndo anafuata. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia. Amengoja miaka 77 kuandikwa jina lake juu, halafu Jumanne jioni jamaa na kipaza sauti anamshusha kwa sababu amechukua maswali kwenye karatasi ya kale hakuangalia!

Nikamfungulia kwenye simu, nikamwonyesha. Hakushika hata simu. Akasema simu haziruhusiwi wakati wa mchezo. Meza ya jirani wakapiga makofi. Jamaa wa Kisii akanivuta shati nikae.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni la mwisho. La pointi 5: taja mtu wa besi ya pili mwenye uhusiano na Minnesota, jibu ambalo hakuna timu nyingine imeandika ndilo linapata. Nikajua wote wataandika Rod Carew, aliyezaliwa ndani ya treni kule Panama akapewa jina la daktari aliyekuwemo humo, ambaye 1969 aliiba besi ya nyumbani mara 7 akiwa Twins. Wengine Knoblauch, naye wa besi ya pili wa Twins. Na kweli meza sita zikaandika hao hao. Dada wa Bujumbura ndiye aliyeshika kalamu, nikamwambia andika kwa herufi kubwa: TONI STONE.

MC akalisoma. Akacheka kwenye kipaza sauti. Akasema jamani tumeuliza wachezaji wa kulipwa, sio softibol ya akina mama kanisani.

Ukumbi mzima ukacheka. Nilimwangalia yule dada, bado ameshika kalamu, uso umemshuka.

Toni Stone ni mwanamke aliyekulia HAPA. St. Paul, mtaa wa Rondo, mtaa wa weusi ambao baadaye ulipasuliwa katikati kupitisha barabara kuu ya I-94, barabara ninayopita mimi kila siku kwenda kazini. Mwaka 1953 alisajiliwa na Indianapolis Clowns, timu ile ile ambayo gwiji Hank Aaron alikuwa anaichezea mwaka mmoja kabla, akacheza besi ya pili na wanaume, kwa mshahara, kwenye ligi ya wanaume. Walitaka avae sketi kama burudani, akakataa, akavaa suruali kama wenzake. Njumu za wakimbiaji alizipata kama mwingine yeyote anayesimama pale. Mwaka 1954 akaenda Kansas City Monarchs, klabu aliyotokea Jackie Robinson, na Clowns wakamchukua mwanamke mwingine, Connie Morgan, kwa nafasi hiyo hiyo ya besi ya pili. Kuna uwanja wa besiboli mjini humu humu una jina la Toni Stone, watoto wanacheza pale. Na unasimama mbele ya watu, mjini kwake, unamfananisha na mchezo wa kanisani, na kanisa lenyewe na akina mama wenyewe umewafanya kitu cha kuchekwa?

Tulikosa ubingwa kwa pointi 3. Hesabuni wenyewe ni ngapi tulinyang'anywa. Zawadi ilikuwa vocha ya chakula, sina shida na chakula chao, wabaki nacho. Nilipomfuata MC mwishoni, kwa adabu, nimevua hadi kofia, akanigonga bega akaniambia tulia rafiki, ni maswali ya kujifurahisha tu.

Haya, kama ni ya kujifurahisha mbona jibu lako ndilo linahesabika na la kwangu halihesabiki? Mbona ya kufurahisha yanashika kalamu nyekundu? Na mbona kila kosa la karatasi ile, isipokuwa hilo moja la 1960, limeangukia mtu mweusi? Robinson, Gibson, Toni Stone. Sisemi alikusudia, simjui moyo wake. Nasema hakujisumbua kuangalia, na akioneshwa hataki kuona.

Nimeandika barua kwa mwenye baa, ukurasa mmoja, dada wa Bujumbura ameninyooshea Kingereza. Sijaomba vocha. Nimeomba Jumanne ijayo kabla ya swali la kwanza MC asome majibu sahihi manne kwenye kipaza sauti kile kile, na la Toni Stone aombe radhi kwa yule dada.

Kuna mtu ameshaniuliza inbox kwa nini Mbongo unaumia na mambo ya Wamarekani. Ndugu yangu, naishi hapa, nalipa kodi hapa, wanangu wanasoma hapa, binti yangu ana miaka tisa na anacheza besi ya pili timu ya shule. Usiku ule niliporudi aliniuliza baba mmeshinda? Nikamwambia hapana. Akauliza lile la Toni Stone hamkuliandika?

Leo nikitoka kazini napita pale uwanjani, napiga picha jina lake lilivyoandikwa, naiprinti kubwa. Jumanne saa moja jioni naiweka juu ya meza yetu. Walioko Twin Cities (Minneapolis na St. Paul) karibuni, meza ina viti sita, sisi tuko wanne.