Monita imeandikwa milisekunde 1 na hezi 165, gizani kila kitu kinaburuza mkia. Tutauziwa namba za uongo mpaka lini?

Wakuu, huu uzi naufungua nikiwa na hasira, na sitaficha.

Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: hezi 165 (picha mpya 165 kwa sekunde), milisekunde 1 (muda wa pikseli kubadilika rangi). Waya ni DisplayPort, Windows nimeiweka kwenye 165 (najua mtaniuliza, maana huwa inaweza kukuacha kwenye 60 kimya kimya), na kadi ya michoro inatoa fremu, yaani picha, za kutosha. Naingia kwenye gemu, ramani yenye handaki na vivuli, adui anakatiza, nyuma yake kuna mkia mweusi kama moshi. Nikizungusha kipanya haraka, matofali ya ukutani hayaonekani tena. Unamlenga nani hapo?

Pigeni hesabu. Kwa hezi 60 kioo kinapata picha mpya kila milisekunde 16.7. Kwa 144 ni 6.9, kwa 165 ni 6.06, kwa 240 ni 4.2. Pikseli isipomaliza kubadilika ndani ya muda huo, picha inayofuata inaikuta bado iko njiani na kuituma kwingine. Paneli za VA (aina mojawapo ya LCD, skrini zenye taa ya nyuma), kutoka nyeusi kwenda kijivu cha giza, zinaweza kuchukua milisekunde 20 na zaidi. Yaani fremu tatu zinapita pikseli bado inajivuta! Hezi 165 nimezilipia, ila kwenye giza, ambako ndiko watu wanakojificha, sizipati.

Na hiyo 1 inatoka wapi? Hapa ndipo damu inaponichemka. Wanachukua badiliko la kijivu hadi kijivu linalowapendeza, wanaanza kuhesabu rangi ikiwa imeshasogea asilimia 10 na wanaacha ikifika 90, kisha wanapandisha ovadraivu, ile setingi inayosukuma pikseli kwa nguvu zibadilike haraka, hadi mwisho. Nenda kwenye menyu uiweke hivyo uone: pikseli inapitiliza rangi iliyotakiwa halafu inarudi, na kila kinachotembea kinafuatwa na kivuli cheupe. Hakuna mtu anayecheza na setingi hiyo. Kwa hiyo namba ya kwenye boksi ni ya hali ambayo wao wenyewe wanajua hutaitumia.

Wengine ndio wabaya zaidi, wanaandika 1 ya MPRT. Hicho ni kipimo kingine kabisa, cha ukungu wa vitu vinavyotembea, na ili kuipata hiyo 1 taa ya nyuma inawashwa na kuzimwa kila fremu ili jicho lisione ukungu. Ukiiwasha mwanga unashuka, na kwenye monita nyingi VRR (hezi za skrini kufuata fremu za kadi) inajifunga. Kuchelewa kwa kliki hadi ionekane kwenye skrini ni jambo la tatu, nalo wengi hawaliandiki popote.

Msije na jibu la "ongeza hezi". Hezi zinasaidia, sibishi. Kitu kinachokwenda pikseli 960 kwa sekunde, jicho likikifuata kwenye hezi 60, kinatanda ukungu wa pikseli 16 hata kama pikseli zinabadilika papo hapo. Kwenye 240 ni pikseli 4. Lakini faida hiyo unaipata pikseli zikiwahi. OLED, paneli ambazo kila pikseli inawaka yenyewe, zinawahi, ndiyo maana OLED ya 240 inakuwa safi kuliko LCD ya 240. LCD nzito ukiiongezea hezi unaipa muda mfupi zaidi wa kushindwa. Na fremu zikishuka hadi 70 VRR ikiwa imewashwa, ovadraivu iliyopangwa kwa ajili ya 165 inakuwa kali kupita kiasi, vivuli vyeupe vinarudi. Ni monita chache zinazoirekebisha zenyewe.

Wasituambie haiwezekani kupima kwa haki. Mwaka 2022 VESA, chama kinachoweka viwango vya skrini, walitoa nembo ya AdaptiveSync: monita inapimwa kwa setingi za kiwandani, kijivu hadi kijivu lazima iwe chini ya milisekunde 5, na kupitiliza kumewekewa kikomo. Utaratibu upo, ila wauzaji wanaipenda 1 yao.

Ninachotaka kwenye boksi ni kitu kimoja: kwa hezi mnazotangaza na setingi mliyoitoa nayo kiwandani, asilimia ngapi ya mabadiliko ya rangi yanawahi fremu, yale ya giza yakiwemo.

Wenye VA za hezi 144 kwenda juu, tupieni hapa: ovadraivu mmeweka kiwango gani, na mkia wa gizani umepungua au bado upo?