Gengeni anapiga hesabu kichwani, darasani amepata 18. Nimsaidieje?

MamaGenge_Moro:
Habari za jioni wapendwa. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya kata hapa Morogoro. La saba Hisabati alipata A. Mtihani wa katikati ya muhula kaleta 18 kwa 100, na sasa kila nikimwuliza anasema, "Mama, mimi kichwa changu hakishiki hesabu." Kauli hiyo inaniuma kuliko hiyo 18, maana gengeni namwona. Juzi mteja kachukua nyanya mafungu matatu ya 500 na vitunguu vya 1,200, katoa elfu tano. Sijafungua hata mkoba, mtoto ameshashika 2,300 mkononi.

Jana nimefungua daftari lake. Swali la -3 - 5 amefuta na kuandika, kufuta na kuandika, mpaka karatasi imetoboka. Jibu aliloacha ni 8. Limewekewa kosa kwa kalamu nyekundu, basi. Watu wananiambia tuisheni. Hela naweza kujibana, ila naogopa asije akachoka zaidi. Nifanyeje?

BabaWatatu:
Dada, anzia na maneno ya nyumbani. Kwetu tulikuwa tunasema "ukoo huu hesabu haipandi". Tulisema mimi, mama yao na shangazi yao. Kijana wangu alifika kidato cha pili akawa anaandika jina kwenye karatasi ya mtihani na kuweka kalamu chini. Naumia mpaka leo.

Mwl_Ubao:
Mama, pole. Nafundisha Hisabati kidato cha kwanza na cha pili mwaka wa 11 huu, na mtoto kama wako nakutana naye kila Januari.

Kwanza, lugha. Miaka saba amesoma jumlisha, toa, MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), KDS (kigawe kidogo cha shirika). Ghafla anakuta "simplify", "evaluate", "lowest common multiple". KDS ni ileile anayoijua, lakini nani kamwambia? Mpe swali hilohilo kwa Kiswahili uone. Akiweza, shida si kichwa. Mtengenezee daftari dogo, neno la Kiingereza upande huu, la Kiswahili upande wa pili.

Pili, hiyo 8 yake ina akili ndani yake. Ameshika kanuni ya "hasi mara hasi ni chanya", akaipeleka mahali ambapo hakuna kuzidisha. Kosa la namna hiyo halistahili alama nyekundu tupu. Darasani kwangu naandika kosa moja ubaoni kila siku, bila jina la mtu, tunatafuta mwenye kosa alikuwa anawaza nini. Wiki jana ilikuwa 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikauliza: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Kimya. Halafu binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, ameongeza halafu imepungua! Haiwezekani." Tukatafuta KDS, ikaja 5/6. Yule binti sasa anakaa dawati la mbele.

Wewe una genge, tumia deni kumwonyesha namba hasi. Usimpe jibu, na akinyamaza usimharakishe.

MamaGenge_Moro:
Mwalimu, asante sana. Leo tukipanga nyanya nimemwuliza: tunadaiwa elfu tatu na mwenye mzigo, kesho nikichukua tena vitunguu vya elfu tano kwa mkopo, tumesimamaje? Akajibu hapohapo, "Tunadaiwa elfu nane." Nikamwandikia -3 - 5 kwenye kipande cha boksi. Akakitazama muda mrefu, mkono umeshika nyanya. Akasema, "Kumbe hii ndiyo ile?" Akaandika -8 mwenyewe.

Sasa ameniuliza: kama ni deni, inakuwaje hasi mara hasi iwe chanya? Nimeshindwa kumjibu.

Mwl_Ubao:
Swali zuri kuliko yote ya mtihani ule! Mwambie hivi: mwenye mzigo akifuta madeni mawili ya elfu tatu kila moja, genge limepata au limepoteza, na kiasi gani? Halafu mwache ahangaike nalo.