Poligrafu: inagundua uongo kweli?

Muulizaji, Kampala: Wakuu, nasikia FBI, shirika la upelelezi la Marekani, huwapima waombaji kazi kwa poligrafu, ile mashine ya kupima uongo. Inagundua uongo kweli? Na Mganda anaweza kuomba?

Jibu, Jinja: Haigundui uongo, ndugu. Inasoma mwili tu. Mirija miwili hufungwa kifuani na tumboni kupima pumzi, mkanda wa presha mkononi, na vibati viwili vidoleni kupima jasho. Mpimwaji husomewa kila swali kabla ya kufungwa vifaa hivyo. Kisha maswali ya jambo linalochunguzwa huchanganywa na ya kulinganishia, mfano "Umewahi kumdanganya aliyekuamini?", na yote hurudiwa angalau mara tatu. Kosa huingia hapo: mkweli mwenye hofu hutoka jasho zaidi kwenye swali la jambo lenyewe kuliko la kulinganishia, akahesabiwa mwongo. Inauma, maana kazi huipoteza hivyo hivyo. Na usibane pumzi. Mirija huonyesha papo hapo.

Jibu, Mbale: Naye mwongo mtulivu hupita. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alifaulu 1986 na 1991 huku akiiuzia Moscow siri. Kuhusu ajira, FBI hutaka uraia wa Marekani, na kwa maajenti wake wa upelelezi pia shahada na umri wa miaka 23 hadi 36. Bila uraia, jaribu upelelezi wa polisi wetu, CID.