Mkate wa chachu elfu saba pale Mwanga, tunauziwa asili au tunauziwa bei?

Mtu wa Katubuka: Mwakeye wana Kigoma. Jana nimepita Mwanga kuna dada anaoka nyumbani kwake ule mkate wa chachu, sawadoo, nikaulizia naambiwa elfu saba. Mkate mmoja! Hauna sukari, ganda gumu kama gome la mninga, eti ndani ni unga, maji na chumvi basi, hamira hatii, chachu anailea mwenyewe. Sasa huku ndo kurudi kwenye chakula cha asili au? Maana asili yangu mimi haina mkate.

Mama Wawili: Kwa elfu saba nawapikia wanangu maandazi wiki nzima na mafuta yanabaki.

Fundi Tanuri: Mleta mada hapo unalipia muda. Mkate wa hamira masaa matatu umeshatoka, huu unakandwa leo unaokwa kesho, vijidudu visivyoonekana kwa macho vilivyomo kwenye unga wenyewe ndo vinauumua polepole na ule uchachu ndo unafanya usiote ukungu haraka. Hamira za kiwandani zimekuja karne ya 19 tu, kabla ya hapo watu wanaumua hivi hivi tangu Misri ya mafarao. San Francisco kuna wauza mikate wanaitwa Boudin, chachu yao wanailea tangu 1849.

Hanyongwi: Tangu 1849 hawajaosha chupa hahaha

Shemeji wa Isevya: Mambo ya corona hayo. 2020 wazungu wamefungiwa ndani, hamira zikaadimika madukani, wakaanza kulea chachu na kuzipa majina kama watoto. Sisi hatukufungiwa sasa sijui mnaiga nini. Halafu nyie Kigoma, watu wa ugali wa muhogo unaonuka mpaka mtaa wa tatu, leo mnajua mkate?

Binti Ujiji: Unanuka kwenu. Muhogo mchungu unalowekwa siku tatu nne, maji yanatoa povu, ukiubonyeza unabonyea kama embe bivu, hapo ndo sumu imetoka, unauanika unautwanga. Usipouloweka unakuua. Kula kwanza na mgebuka wa mawese ndo urudi kuandika.

Shemeji wa Isevya: Nimekula sana tu dada, nimesoma huko, shati la shule lilikuwa linanuka mpaka Ijumaa. Sisi Tabora tuna asali.

Hanyongwi: Na wanzuki. Hiyo asali yote mnaigeuza wanzuki ndo maana mnaandika hivi asubuhi asubuhi

Shemeji wa Isevya: Wanzuki imeingiaje hapa? Mimi sinywi. Baba yangu imemmaliza hiyo, utani uwe na mipaka kijana.

Hanyongwi: Pole sana mkuu, sikujua. Nafuta kauli.

Fundi Tanuri: Jamani turudi. Muhogo wa kuloweka, togwa, wanzuki, huo mkate, kazi ni ile ile ya kuchachusha.

Binti Ujiji: Kaka fundi usiufananishe ugali wa bibi yangu na kitu cha elfu saba. Bibi hajawahi kumuuzia mtu povu.

Mama Wawili: Nasikia unashusha sukari lakini, mama yangu ana kisukari.

Fundi Tanuri: Haushushi mama. Unapandisha taratibu kidogo kuliko ule mweupe wa dukani, ila ni ngano bado. Na yule ambaye ngano inamuumiza utumbo kabisa, huu nao utamuumiza, asidanganywe.

Muoka Mwanga: Mimi ndo huyo dada, nimetumiwa huu mjadala. Chachu yangu nailea kwenye kopo la jemu, naipa unga na maji asubuhi na jioni maana kwa joto hili la kando ya ziwa ikikaa masaa manne tu imefurika hadi kwenye rafu. Mwezi wa kwanza mama mkwe aliimwaga, kasema uji umechacha, nikaanza upya wiki nzima. Umeme ukikatika mkate uko kwenye oveni hasara yangu. Wanaonunua ni watumishi na wageni wanaoshuka kwenye boti za Gombe. Sijamlazimisha mtu.

Mtu wa Katubuka: Dada sikukutaja jina lakini.

Muoka Mwanga: Anayeoka Mwanga yuko mmoja. Na ulionja vipande viwili vya bure ukasema utarudi.

Hanyongwi: VIWILI

Mtu wa Katubuka: Kimoja kilikuwa cha mwanangu.

Shemeji wa Isevya: Dada, kama kweli hauoti ukungu si unafika Tabora na treni? Hata ikilala njiani. Nataka mmoja wa kujaribu na asali.

Binti Ujiji: Asipelekewe huyo.

Muoka Mwanga: Unafika. Elfu saba, na usafiri juu yako.

Shemeji wa Isevya: Elfu saba tena? Si mimi shemeji yenu jamani